Rangi ya Kofia ya Mama

Kitengela, Jumamosi, 3 Machi 2001

Mvua bado. Baba amemfukuza Mama chumbani.

Mama alikuwa akitandika kitanda jioni. Baba akasimama mlangoni na kumwambia kwa adabu kubwa: "Mama, asante kwa kazi. Lakini si vizuri mke wa mtu kulala chumba changu. Mke wangu akirudi nitamwambia nini?"

Mama alimuuliza mke wake ni nani.

"Mbeke. Yule wa kofia. Watu wa Kajiado wote wanamjua."

Mama ndiye Mbeke. Hakubishana. Alichukua blanketi lake akaja kulala kwenye kochi la sebuleni. Nilimpa kitanda changu, akakataa.

Daktari alishatueleza kwamba kumbukumbu za Baba zinafutika kuanzia zile za karibuni. Alikuwa mtu wa reli Kajiado tangu ujana wake hadi kustaafu. Mwezi wa kwanza alikutwa akitembea katikati ya reli kuelekea Magadi, akikagua mataruma, na hapo ndipo nilipowaleta wote wawili kwangu. Mimi huandikia gazeti la Nairobi habari za wilaya hii. Nimeripoti mafuriko, ukame na ugomvi wa mashamba. Mtu kumfukuza mke wake ili amtunzie mke wake nafasi, hilo sikuwa nimelisikia.

Jumapili, 4 Machi

Mama hakwenda kanisani. Alifungua sanduku lake la bati akatoa paterni ya kofia: vipande vya karatasi nyembamba ya rangi ya chai, vilivyokunjwa hadi mikunjo ikatoboka. Alipewa na mke wa ofisa mmoja Mzungu aliyefundisha wanawake kushona Kajiado, kabla ya Uhuru. Sita ni vya kichwa cha kofia, kimoja ni cha ukingo, kimoja ni cha utepe.

"Nitaishona tena," alisema. "Akiniona nayo atajua ni mimi."

Nilimwambia kuwa ugonjwa huu hautibiwi kwa kofia.

"Nani ametaja kutibu, Kaluki? Mimi nataka kitanda yangu."

Maandishi ya paterni yanasema unaweza kutumia feliti, yaani sufu iliyoshindiliwa, mahameli au pamba nzito. Hayasemi Mama alitumia nini. Ushahidi pekee ni picha yao ya harusi: Baba amesimama wima kama mlingoti, Mama ameketi, kofia kichwani, ukingo umeshuka kidogo upande wa kulia. Picha si ya rangi. Kofia inaonekana nyeusi, lakini katika picha za enzi zile hata nyekundu hutoka nyeusi.

Nikamuuliza Mama ilikuwa rangi gani. "Kijani," alisema, upesi.

Baadaye nikamuuliza Baba, kando. Alifikiri sana. "Rangi yangu," alisema.

Nina vyanzo viwili na havikubaliani. Tukaandika kijani.

Jumatano, 7 Machi

Vumbi. Pundamilia wametoka mbugani, wako mpaka nyuma ya kituo cha mafuta. Dalili ya mvua, wanasema watu. Wanasema hivyo kila mwaka.

Jumamosi, 10 Machi

Nilimpeleka Mama Nairobi kutafuta kitambaa. Baba alibaki na Naserian, mama Mmaasai anayetusaidia nyumbani. Mume wake, Kakuta, ni mlinzi katika shamba la maua Isinya.

Madukani tulionyeshwa feliti ya kubandika kwenye kazi za watoto wa shule. Mama aliikamata ngumini, akaikunja, akaifungua. Ilibaki na alama ya kila kidole.

"Hii ni karatasi imevaa nguo," alisema, akamrudishia muuzaji.

Tukaenda Gikomba kwenye mitumba. Mama anachagua kitambaa kwa mkono, macho anayaacha yaende yanakotaka. Alipita marundo ya makoti akiwa ameingiza mkono ndani, anazungumza nami habari za watu wa zamani wa Kajiado: nani alikuwa na cherehani ya kwanza, nani alishona suruali ikatoka na miguu miwili ya kushoto. Ghafla mkono ukasimama. Akavuta koti la sufu la kijani cha chupa, zito kama mtoto aliyelala.

"Mathe umejua kuchagua," muuzaji alisema. "Hiyo ni ya baridi ya ng'ambo. Ukivaa hiyo, jokofu inaogopa."

"Sivai. Nakata."

"Unakata koti mzima? Ai, mathe! Si afadhali ukate mimi!"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tarehe tatu.

Jumatatu, 12 Machi

Sufu imeloweshwa kwenye maji moto na kukaushwa ili isinyae yenyewe kabla ya kukatwa. Nyumba nzima inanuka kondoo. Naserian anasema ananusa nyumbani kwao.

Jumapili, 18 Machi

Mvua imefika. Ilianza saa tisa alasiri kwa upepo, ikapiga mabati hadi tukaacha kuzungumza. Udongo mweusi wa hapa tayari umeanza kunasa viatu.

Alhamisi, 22 Machi

Mama hataki kukata paterni ya asili. Amenakili kila kipande kwenye gazeti, toleo lenye habari yangu ya baraza la Kajiado. Ukingo wa kofia umekata katikati ya aya yangu ya pili. Nilimwambia hata mhariri wangu hajawahi kunikata hivyo.

Jumapili, 25 Machi

Jioni Baba alimwomba Naserian amwambie "yule mama mpishi" kwamba chai yake ni nzuri, lakini asizoee kukaa karibu naye verandani, kwa sababu watu wataongea. Mama alisikia. Alihamisha kiti chake hadi jikoni, akaendelea kushona pale.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua. Barabara ya Namanga ilifungwa na lori lililolala. Nilifika nyumbani nimechelewa na viatu mkononi.

Ukingo umetiwa ndani kitambaa kigumu cha kola, tabaka mbili, na mishono inayozunguka kama waya wa jiko la umeme. Mama anauliza kila mara kama unafanana na wa picha. Nikipima kwa rula kwenye picha, unafanana.

Kitengela, Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili

Mama aliivaa leo. Alivaa pia gauni la kijivu, akajipaka mafuta usoni, akatoka jikoni na kusimama verandani mbele ya Baba. Mimi na Naserian tulibaki dirishani. Kofia ilimkaa vizuri sana. Niseme ukweli: sikuwahi kumwona mama yangu akiwa mrembo hivyo, kwa sababu nilipopata akili alikuwa tayari anafua.

Baba alisimama haraka. Alivua kofia yake mwenyewe, ile ya sufu ya kulalia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Jambo, memsaab," alisema. "Bwana hayuko. Garimoshi la mizigo limechelewa Konza. Mimi nafanya kazi yangu tu."

Mama alisema jina lake, Mbeke. Alilisema tena. Baba aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, memsaab," na jasho lilikuwa likimtoka. Nimeona watu wakiogopa polisi. Alikuwa akiogopa namna hiyo.

Nikatoka nikamshika mkono nikamketisha. Mama aliingia ndani, akavua kofia, akaiweka juu ya kabati kichwa chini, akavaa aproni.

"Mtu amenichukia na mimi sijamkosea," alisema.

"Hakukuchukia. Alikuogopa."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

Naserian alijaribu, akimwita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, hiyo kofia ni kubwa sana ya serikali. Hata mimi kidogo nisalimie na mkono nyuma." Mama hakucheka. Tulipokula wali wa Pasaka, Baba aliuliza kama Mbeke amepata chakula.

Ijumaa, 20 Aprili

Mama amekunja paterni. Mvua siku nzima.

Kajiado, Jumamosi, 28 Aprili

Nilitumwa kuandika kikao cha wakazi kuhusu mgao wa viwanja. Kilivunjika mapema kwa sababu ya mvua, nikaenda studio ya picha iliyo mkabala na stesheni. Fikira yangu ilikuwa rahisi: tulikosea rangi. Picha ya harusi ilipigwa hapo. Labda kuna mtu anayekumbuka.

Mwenye studio wa kwanza alishafariki. Sasa iko na mwanawe, Dalmas, mtu wa umri wangu, miwani mizito, mahali penyewe panauza pia soda na betri. Nilimwonyesha picha nikamuuliza kama anaweza kujua rangi ya kofia.

"Maruni," alisema kabla hata hajaishika.

"Umejuaje?"

"Kwani ni yenu? Hiyo ni yetu."

Akapanda kiti akatoa juu ya rafu boksi la viatu. Ndani kulikuwa na kofia ya feliti, imeliwa na nondo upande mmoja, ukingo umeshuka kidogo kulia. Rangi ya damu ya mzee iliyokauka. Baba yake aliinunua kwa Mhindi aliyekuwa akifunga duka, akaiweka studio pamoja na koti moja la mwanamume na tai mbili. Mteja alivaa, akapigwa picha, akarudisha.

"Hiyo kofia imeolewa kuliko mtu yeyote Kajiado," Dalmas alisema. "Ukitembea hizi nyumba zote za zamani, maharusi ni wengi, kofia ni moja."

"Na koti la baba yangu?"

Aliitazama picha. "Na hiyo pia. Pole, madam."

Miaka yote nimeangalia picha ile ukutani kwetu. Nimewafundisha waandishi wachanga wasiamini picha mpaka wajue nani aliyeipanga.

Kitengela, Jumapili, 29 Aprili

Nilimwambia Mama niliyoyakuta. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Dalmas mdogo," alisema. "Baba yake alikuwa na mdomo namna hiyo hiyo."

"Mama, ulisema kijani."

"Nilisema kijani kwa sababu kijani nilikuwa napenda. Kama ni kushona mpya, si nishone ile nilikuwa nataka? Yule mama Mzungu alikuwa na ya kijani. Ya feliti. Nilikuwa namtazama kanisani mpaka nasahau kuomba."

"Na wewe ulikuwa na gani?"

Hapo aliacha mchele.

"Khaki. Nitatoa wapi feliti? Baba yako alipewa koti mpya ya reli, ile ya zamani ikabaki. Nikakata hiyo. Ndani ya ukingo nikatia gunia ya mkonge. Nilikuwa nachota maji nayo, nalima nayo, nampelekea chakula kwa reli. Wenzake walikuwa wanasema, Mulinge, koti yako inakuja na miguu yake. Picha ya studio nilivaa ile ingine, kwa sababu nani anataka kupigwa picha na koti ya mume kichwani?"

Sasa nilielewa jibu la Baba la mwezi wa tatu, "Rangi yangu." Chanzo nilichokidharau ndicho kilichokuwa sahihi.

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilifikiria atakumbuka ile nzuri," Mama alisema.

Jumatano, 2 Mei

Khaki haipatikani kirahisi kama inavyoonekana. Katika duka la sare za shule hapa Kitengela, Mama alichomoa uzi mmoja, akaomba kiberiti, akauchoma. Uliyeyuka ukawa kishanga cheusi.

"Hii ni plastiki," alimwambia mwenye duka. "Mtoto akikaa karibu na jiko anaungua na masomo yake."

"Lakini mama, haikunjani! Wazazi wanapenda hiyo!"

"Mimi nataka inayokunjana."

Pamba ikichomwa hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Tumechoma nyuzi katika maduka yote ya mtaa wetu. Hakuna jivu.

Jumatatu, 7 Mei

Naserian alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na koti kuukuu la Kakuta la ulinzi, la khaki, kola imechakaa. Mama alichoma uzi. Jivu.

"Kakuta atavaa nini?" Mama aliuliza.

"Amepewa mpya na kampuni. Hii alikuwa amewekea mbwa." Kisha, kwa haraka: "Mbwa hakuwa amelalia bado, Yeyo."

Mama aliikunja ngumini, akaifungua, akainusa, akaipeleka dirishani. Imefuliwa na jua limeipiga hadi imekuwa rangi ya nyasi za mwezi wa tisa. Alisema khaki mpya ingemdanganya Baba tena. Hii imeshafanya kazi.

Gunia nililipata kwa muuza maharagwe. La mkonge. Siku hizi wengi wana ya plastiki.

Jumatano, 9 Mei

Mvua kidogo. Mama anakata. Koti limeacha doa la kutu pale palipokuwa na kifungo, na amelipanga doa hilo liangukie mbele.

"Kwa nini mbele?"

"Ilikuwa hapo."

Jumapili, 13 Mei

Sindano mbili zimevunjika kwenye gunia. Bitana imetoka kwenye leso yangu ya maua, bila mimi kuulizwa.

Jumapili, 20 Mei

Mara hii hakujipamba. Alivaa kofia na gauni la kazi, akachukua sufuria ya githeri, akapita verandani kama mtu aliyekuwa na safari nyingine. Mvua ilikuwa nyembamba. Walizungumza Kikamba, naandika walivyosema.

"Wewe," Baba alisema. Mama akasimama. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Musila. Wa Kangundo."

"Musila namjua. Ana mabinti wangapi ambao hajawaoza?"

"Amebaki mmoja."

Baba aliitazama kofia kwa muda. "Nani alikushonea hiyo?"

"Nimejishonea. Nimekata koti la mtu wa reli."

"Mtu wa reli gani?" Sauti ilikuwa kali.

"Mmoja hivi. Anaringa sana."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasogeza mguu wake ili kuacha nafasi kwenye benchi. "Umeolewa?"

Nilikuwa mlangoni. Niliona Mama ameelewa kwamba hakumtambua, na kwamba hatamtambua. Alipanga ukingo wa kofia kwa kidole kimoja.

"Bado," alisema, akaketi.

Walikula githeri kwenye sufuria moja. Giza lilipoingia Baba alimtakia safari njema, kwa sababu binti wa watu hachelewi. Mama akaja kwenye kochi.

"Kofia imeshindwa," nilimwambia.

"Imeshindwa wapi? Ameniuliza jina ya baba yangu."

Jumanne, 22 Mei

Baba, ambaye siku hizi ananiita karani, aliniita asubuhi. "Karani, nitafutie mbuzi watatu, wazima. Nataka kupeleka ntheo kwa Musila."

Ntheo ni mbuzi wanaofunga ndoa ya Kikamba. Mtu anaweza kutoa ng'ombe akajaza bonde, lakini kama ntheo haikupelekwa, huyo si mke wake.

Musila alikufa nikiwa shule ya msingi. Nilimweleza Mama, nikamwambia tunaweza kupitisha mbuzi wa jirani mbele ya veranda na yaishe.

"Hapana. Sitaki mchezo. Mbuzi wa ukweli, na mtu wa kwetu wa kupokea. Pigia Kimeu simu."

Kimeu ni mdogo wake, wa Kangundo. Nilipomweleza kwenye simu, aliuliza kama mbuzi wamenona.

Jumamosi, 26 Mei

Mvua imeanza kuondoka. Asubuhi ilikuwa kavu.

Kakuta alileta mbuzi kutoka Isinya. Kimeu alifika amevaa koti na tai, akakaa upande mmoja wa sebule, Baba upande mwingine. Mama alikaa chumbani kwangu mlango umefungwa, kama bibi arusi yeyote.

Kimeu alitoka nje kukagua. Aliwafungua midomo, akawashika mbavu. "Huyu ana jicho la wizi," alisema.

"Huyo ndiye bora," Baba alijibu. "Mwenye jicho la wizi hafi njaa."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Reli."

"Watu wa reli wanahamahama. Dada yetu utampeleka wapi?"

"Siendi mahali. Nimechoka kutembea."

Kimeu alitoa kitambaa akapangusa miwani. Ilimchukua muda. Kisha akasema kwa sauti ya mzee wa ukoo, ingawa yeye ni mdogo wa Baba kwa miaka mingi: "Tumepokea."

Mbuzi mmoja alichinjwa. Naserian alisema Wakamba wanapika nyama mpaka inasahau ilikuwa mnyama gani, akala hata hivyo. Jioni Kimeu alimtoa Mama chumbani, kofia kichwani, akamkabidhi mkono wake kwa Baba. Baba aliufungua mlango wa chumba chao mwenyewe, akasimama kando ili atangulie kupita.

Jumapili, 27 Mei

Jua. Nguo zote zimeanikwa.

Mama aliamka akiwa amechelewa, jambo ambalo silikumbuki tangu utoto wangu. Alikuja jikoni akawasha jiko, akatia majani ya chai.

Nikamuuliza kama Baba alimjua.

"Hapana."

"Alikuita nani?"

"Binti Musila." Alikoroga chai, akaionja, akaongeza sukari. "Na anakoroma vile vile. Mtu ameoa mara mbili na hajajirekebisha."